Kupanda mahindi kwa Massey Ferguson 135 la babu: uzoefu wangu

Trekta letu ni Massey Ferguson 135, jekundu lililopauka kwa jua. Babu alilinunua likiwa mtumba, na kwa umri ni kaka yangu mkubwa. Tuna ekari sita hapa Trans Nzoia, Kenya, na huu ni msimu wa tatu nalipandia mahindi. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa jembe na kamba.

Injini ni Perkins ya dizeli, silinda tatu, nguvu za farasi 45 hivi. Kwa planta, yaani mashine ya kupandia, ya mistari miwili inatosha na kubaki. Ekari zote sita nimezimaliza kabla ya saa kumi jioni. Zamani watu wanane walishinda huko siku tatu. Spea zinapatikana mjini Kitale, na fundi yeyote wa rika la baba analifungua bila kuuliza. Cha kuangalia ni dizeli. Niliiacha iishe katikati ya shamba, hewa ikaingia kwenye mabomba, nikashinda na spana nikilegeza nati moja moja mpaka mapovu yakaisha. Siku hizi mtungi unakaa kivulini, karibu.

Kazi hasa iko kwenye planta. Yetu ni kuukuu, ya mtumba pia, na haitaki haraka. Sahani ya mbegu, ile yenye matundu inayozunguka ikidondosha punje, lazima ilingane na punje zenyewe. Mwaka wa kwanza nilimimina mbegu ya H614 yenye punje kubwa kwenye sahani ya matundu madogo: hapa hamna kitu, pale punje zimepasuka. Sasa nainyanyua planta kwanza, nazungusha gurudumu lake kwa mkono, nahesabu zinazodondoka. Nataka punje moja kila sentimita 25, mistari iachane sentimita 75. Ekari hapo inabeba mimea kama 21,500. Giya natumia ya pili, ya chini. Ukikimbia, sahani inapita bila kushika mbegu. Mbolea ya DAP nayo ikila unyevu inagandamana, na ikigusana na mbegu inaiunguza.

Aprili mwaka jana tope liliziba mrija wa kushoto unaoshusha mbegu, nami macho yangu yako mbele nikinyoosha mstari. Mahindi yalipochomoza, upande mmoja ulikuwa mtupu kwa hatua sitini. Mama hakunisema. Alichukua panga na mbegu kwenye kikombe, akajazia. Yale ya kujazia yalibaki mafupi hadi mavuno, tena yako kando ya barabara, kila mpita njia anayaona.

Trekta nalipatia nyota tano, planta tatu. Ukienda kununua la mtumba kama hili, nyanyua planta injini ikiunguruma uitazame: ikianza kushuka yenyewe, haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaoinyanyua, imechoka, shusha bei.

Msimu huu mama anatufuata na kijiti. Kila tukigeuka mwisho wa shamba, anachokonoa mirija yote miwili ndipo ananiruhusu kushusha planta.