Mizani yangu ya zafarani: miezi minne na tarakimu zisizotulia

Nauza iliki, zafarani na udi hapa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Iliki hainisumbui, hiyo naipima kwa robo kilo. Zafarani ndiyo inayokwenda kwa gramu, na gramu moja ni pesa. Kwa ajili yake nilinunua mizani ndogo ya kielektroniki, ile ya kutia mfukoni inayoonyesha hadi gramu 0.01, kwa shilingi 1,200.

Wiki mbili za mwanzo sikuona tatizo. Kisha mteja wangu wa siku nyingi, mama mtu mzima, akarudi na pakiti yake mkononi. "Mwanangu, sikudhanii mabaya, lakini nilipita kwa sonara akanipimia. Haitimii mbili." Nilikuwa nimemuuzia gramu 2, kwa sonara ilisoma 1.82. Nilimjazia pale pale nikamtaka radhi, na usiku ule usingizi haukuja. Kupunja kipimo ni dhambi niliyofundishwa kuiogopa tangu utotoni, na pakiti ngapi zilikuwa zimeshatoka namna ile?

Asubuhi nikaiwasha mizani bila kuweka kitu, nikakaa kuitazama. 0.00. Baada ya muda 0.03. Halafu 0.07, ikashuka 0.05, ikapanda tena. Nikatia betri mpya, hali ikawa ile ile. Nikazima pangaboi, na papo hapo tarakimu zikaacha kurukaruka. Upepo ule unakisukuma kisahani chini, na kwa mizani inayohisi sehemu moja ya mia ya gramu, upepo nao ni mzigo. Meza yangu pia ilikuwa ikitikisika kila mtu akipita, basi nikaihamishia kwenye kidaka cha ukutani: mawe matupu, hakuna upepo. Simu nikaiweka mbali, kwa sababu nayo huweza kuivuruga.

Mitetemo ikaisha, ila ile hali ya kupanda polepole ikabaki. Hilo ni joto. Ndani ya mizani hizi mna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana ukikiwekea kitu, na umeme husoma kule kupinda. Chuma kikipata joto, usomaji nao unasogea. Mimi nilikuwa nikiitoa kabatini na kupima hapo hapo. Sasa naiwasha, naiacha dakika 20, ndipo naigusa.

Kisha kuisawazisha, yaani kuirekebisha isome uzito wa kweli. Fundi sonara wa jirani alinipa jiwe lake la mizani la gramu 100 niliazime, akanionya nilishike kwa kibano, maana jasho na mafuta ya vidole huongeza uzito. Kazi hii ifanyike mahali pale pale utakapoitumia mizani. Haihesabu wingi wa kitu, inahisi jinsi ardhi inavyokivuta, na huku kwetu karibu na ikweta mvuto ni mdogo kidogo. Mizani iliyosawazishwa London ukiileta Mombasa bila kuigusa, jiwe la gramu 100 litasoma kama 99.7.

Nikadhani nimemaliza. Lakini nilipopima gramu 1 ya zafarani kwa kudondosha uzi mmoja mmoja, hadi mizani ikasema 1.00, kwa sonara ikasoma 1.14. Mara hii aliyepunjika ni mimi! Hili lilinichukua siku tatu kulielewa. Mizani imetengenezwa ijirudishe yenyewe kwenye sifuri ikiona mabadiliko madogo ya taratibu, ili joto lisiipotoshe. Uzi wa zafarani ni mwepesi mno, kwa hiyo unapouweka, mizani inaudhania ni joto na kuumeza. Wanaojaza baruti kwenye risasi huko Marekani hukutana na tatizo hili hili wanapodondosha punje kwa punje.

Dawa yake ni kutoirudisha sifuri baada ya kuweka juu yake kisahani cha kutilia zafarani. Changu kina gramu 12.40. Nikitaka gramu 1, naongeza hadi isome 13.40, kisha nakiinua kisahani na kukirudisha kuhakikisha. Kwa kuwa iko mbali na sifuri, ule mtego haufanyi kazi. Tangu nianze hivi, tofauti yangu na ya sonara haijazidi 0.02.

Jambo jingine dogo: tazama kila mara alama iliyo pembeni ya tarakimu. Kitufe cha kubadilisha vipimo ni rahisi kukigusa kwa bahati mbaya, na karati moja ni gramu 0.2 tu.

Je, ununue? Kwa kuchanganya udi wako nyumbani, au kupima viungo vya kupikia, ndiyo, na ununue na jiwe lake. Kwa kuuzia watu, hapana. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513 ya sheria za Kenya, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri, na mimi nilichelewa kulifuata hilo. Nimeshanunua nyingine kubwa yenye muhuri, ndiyo iliyo mbele ya wateja. Ile ndogo imebaki kidakani, na yule mama nilimpimia upya wiki jana kwa hii mpya, yeye mwenyewe akisoma tarakimu.