Adapta ya filta ya oili kwenye kigari changu cha mbio: msimu mmoja baadaye

Oili ya gari langu la mbio naibadilisha mwenyewe. Si ubahili. Oili inayotoka huwa ina maneno, na mimi napenda kuyasikia kwa sikio langu.

Msimu huu wote nimetumia adapta ya kufungia filta ya kopo, ile ya kuzungusha kwa mkono, badala ya filta ya karatasi iliyokuja na injini. Nimeshafanya sevisi sita nikiwa nayo. Kazi imekuwa nyepesi na mikono haiogi oili kama zamani, ila kuna kitu imeninyang'anya ambacho sikukifikiria wakati wa kununua. Nitafika huko.

Gari lenyewe ni Legends, vile vigari vilivyoanza Marekani mwaka 1992, vyenye umbo la magari ya miaka ya 1930 na 1940 kwa ukubwa wa 5/8 ya magari halisi. Chini ya boneti mna injini ya pikipiki ya Yamaha yenye silinda 4, inayopozwa kwa hewa. Kwa kuwa ni ya pikipiki, oili hiyo hiyo moja inalainisha injini, giaboksi na klachi, vyote katika chungu kimoja. Rejeta ya maji hakuna, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto nayo inabebwa na oili. Hapo ujue oili inafanya kazi ya watu watatu, na inachoka mapema.

Filta ya asili inakaa ndani ya kifuniko cha alumini kinachoshikwa na bolti moja ndefu ya katikati. Ukiilegeza tu, oili iliyobaki humo haingoji usogeze beseni. Inashuka kuzunguka ukingo wote, inapita juu ya bomba la ekzosi, inakufuata mpaka kwenye kiwiko. Ndani mna springi na washa, yaani pete bapa ya chuma, na ile washa ina tabia ya kung'ang'ania filta chafu. Ukitupa filta bila kuikagua, umetupa na washa. Mimi nimewahi kupekua pipa la takataka saa nne usiku, na asubuhi yake kuna mazoezi. Kisha kuna oringi kubwa ya kifuniko, pete ya mpira ya kuzuia oili isivuje, haikai kwenye mfereji wake mpaka uipake grisi, na wakati unairudisha umelala chali, taa umeibana kwapani, unaomba tu isichomoke.

Ndiyo maana nikanunua adapta. Ni kipande cha alumini iliyochongwa vizuri, kizito kuliko kinavyoonekana, upande mmoja kina oringi ya kukaa kwenye injini, upande wa pili kina nipeli yenye thredi ya kukazia filta. Kukifunga ni kazi ya dakika kumi kama umeshafuta uso wa injini ukawa mkavu.

Maelekezo, sasa. Karatasi moja, picha mbili, giza tupu. Haisemi popote utumie filta ya namna gani, na hapo ndipo mtu anaweza kuua injini. Makopo ya filta kwa nje yanafanana kama mapacha. Ndani, mengi yana vali inayoruhusu oili ipite bila kuchujwa pale filta inapoziba au oili ikiwa baridi na nzito, na vali hizo hazifunguki zote kwa presha moja. Kipenyo cha gasketi, ile pete ya mpira mdomoni mwa kopo, kinatofautiana, thredi vilevile. Unaweza kupata kopo linaloingia raundi mbili ukadhani limeshika, kumbe thredi si yake. Mimi niliamua kutafuta filta ya pikipiki, siyo ya gari, tena fupi, kwa sababu ndefu inaisogelea ekzosi kuliko ninavyopenda.

Jambo la pili: mbioni filta haiachwi ijishikilie yenyewe. Mtikisiko wa injini hii unalegeza vitu ambavyo hukujua kama vinalegea. Unafunga klampu kuzunguka kopo, unapitisha waya mwembamba wa milimita 0.8 kutoka kwenye klampu hadi mahali imara, ukiwa umesokotwa na unavuta kuelekea upande wa kukaza. Adapta hii inauzwa kwa watu wa mbio, imeandikwa hivyo kwenye boksi, na haina tundu la waya! Nikaichomoa tena, nikatoboa mwenyewe kwa bita ya milimita 2 kwenye ukingo, nikaisafisha vumbi la alumini kwa petroli na upepo wa kompresa. Bei waliyotoza, tundu lilistahili kuwemo.

Baada ya hapo mambo yakawa matamu. Naiwasha injini dakika chache, oili ipate uvuguvugu wa kutiririka, si wa kuunguza. Nafungua bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, naiacha oili ichuruzike wakati nasafisha vitu vingine. Kopo linatoka kwa mkono, matone kidogo yanaanguka kwenye beseni, basi. Washa mpya kwenye bolti ya sampu, filta mpya, oili mpya. Nazungusha starta bila kuwasha mpaka taa ya presha ya oili izimike, ndipo naiwasha. Naiacha inguruma kidogo, nazima, nangoja, kisha nachungulia kiwango na kuongeza kile ambacho filta imekunywa. Zamani nilikuwa namaliza karibu saa nzima, sasa nusu saa na sina haja ya kuoga.

Sevisi ya tatu ikaniumbua. Niliondoa filta ya zamani, nikafunga mpya, nikawasha. Sekunde chache kila kitu shwari. Nikapandisha mzunguko wa injini, nikasikia kitu kama mtu anamwaga maji kwenye kikaango. Oili ilikuwa inaruka pembeni ya kopo moja kwa moja kwenye ekzosi, moshi mweupe umejaa gereji. Nilizima kabla taa ya presha haijawaka, lakini karibu lita nzima ilikuwa sakafuni. Nilipofungua, gasketi mbili. Ile ya filta ya zamani ilikuwa imeganda kwenye uso wa adapta, nyeusi juu ya kitu kilicholowa oili nyeusi, nami nikaikandamizia ya pili juu yake.

Kosa ni langu, nakubali. Lakini mfumo wa zamani, pamoja na uchafu wake wote, haukuwa na mtego huu. Siku hizi nikitoa kopo naligeuza kwanza. Gasketi iko? Haiko? Kisha natambaza kidole chote kuzunguka uso wa adapta, hata kama nimeshaiona gasketi kwenye kopo. Mpya naipaka oili, nazungusha mpaka iguse, halafu robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Mwenye kukaza kwa spana atalia siku ya kufungua.

Nilichonyang'anywa ni hiki. Filta ya karatasi unaitoa ukiwa umeishika mkononi, mikunjo yake unaifungua pale pale na kuona injini ilikula nini. Kopo limezibwa. Ukitaka kuona lazima ulikate, na usithubutu msumeno wa chuma, maana utajaza vumbi la chuma ndani kisha uanze kuhangaika na beringi ambazo hazina tatizo. Kuna kikatio maalumu chenye gurudumu la kisu, kinazunguka kopo kama kile cha kukatia bomba. Hiyo ni gharama nyingine ambayo hakuna aliyenitajia. Nawajua wenzangu wawili wenye adapta kama hii. Wote wanatupa kopo kama lilivyo.

Mimi nakata. Natoa karatasi, naibana kwenye jiriwa oili itoke, naitandaza juu ya karatasi nyeupe chini ya taa. Napitisha sumaku: kinachorukia ni chuma, kwa kawaida cha gia au mnyororo wa ndani. Kinachong'aa bila kufuata sumaku ni alumini au madini laini ya beringi, na kikiwa kingi sishiriki mbio hiyo. Sevisi ya nne nilikuta kitu tofauti, tope jeusi laini kama masizi yaliyolowa, limelala katikati ya kila mkunjo. Halikuvutwa na sumaku, halikung'aa. Yalikuwa mabaki ya sahani za klachi. Na kweli, mbio iliyotangulia nilihisi kwenye gia ya nne injini inapanda na gari halisukumi, nikamlaumu mguu wangu. Nilifungua klachi wiki hiyo hiyo, sahani zilikuwa zimeisha na mbili zimebabuka.

Tukiwa kwenye klachi: oili ya magari ya kawaida iliyotiwa viungo vya kupunguza msuguano inaifanya klachi ya namna hii iteleze, kwa kuwa inaogelea humo humo. Tafuta alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki zenye klachi ya kulowa, mgongoni mwa kopo la oili. Mimi natumia ya uzito wa 20W-50.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, pamoja na kikatio siku hiyo hiyo. Kama huna nia ya kukata kopo kila sevisi, baki na filta yako ya karatasi na uvumilie oili ya kwenye kiwiko. Nyota nne kati ya tano. Ya tano ilipotea kwenye lile tundu la milimita 2.