Unataka kununua rumba? Chunga sebene mbele ya kutoa makuta

Dada mmoja wa Bukavu kanitumia voisi ya WhatsApp, hasira tupu. Kanunua flashi imeandikwa FRANCO YOTE (Franco, yule mkubwa wa rumba ya Kongo), nyimbo mia tatu, akaipeleka kwenye harusi ya kaka yake, na kila wimbo unakatika pale pale gitare zinaanza kupanda. Watu wamesimama, mabega yameshaanza kucheza, muziki kimya. Na siyo yeye peke yake, malalamiko ya hivi napata kila siku.

Basi leo sitaongelea kava wala sauti ni safi ao hapana, hayo kila mtu anajua. Mi kitu kimoja njo kinaniua: sebene. Kwa rumba yetu mwanzo wanaimba polepole, mapenzi na machozi, kisha waimbaji wanaacha nafasi, gitare solo na mi-solo (ile ya katikati) zinashikana, atalaku, ule wa kuchangamsha wachezaji, anaanza kupiga kelele, na hapo njo watu wanaacha viti. Ukikata hapo, umeuza nini?

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Disiki ndogo za 45 zilibeba dakika chache tu kila upande, wimbo mrefu wakaugawa: maneno uso A, sebene uso B, na mwenye kukopi akaona uvivu kugeuza disiki. Wa leo hata hiyo disiki hajawahi kuishika, yeye anakata makusudi ili flashi ibebe nyimbo nyingi aandike mia tatu. Namna ya kupima: ulizia Mario ya Franco na TPOK Jazz, ya 1985. Ile ina dakika kama 14. Simu ikikuonyesha 6, wamekuuzia nusu. Nyimbo zingine sogeza mpaka sekunde za mwisho, ukisikia inazimika polepole lipa, ikikatika ghafla rudisha.

Sasa ya kununua. Namba moja kwangu, na mtanisamehe, ni CD za Franco za Sterns, kampuni ya muziki ya London. Francophonic volimu ya kwanza ilitoka 2008, nyimbo za 1953 mpaka 1980, ya pili ikafuata 2009 na miaka ya 80, CD mbili kila moja. Tabu Ley naye, mwimbaji mkubwa wa rumba, wamemtendea haki na The Voice of Lightness. Kitabu cha ndani ni Kiingereza, huku Lubumbashi wengi tutaangalia picha tu, na kuiagiza ni mateso, lakini kama uko na mjomba Bruxelles mwambie mwaka huu aache parfe, alete hiyo.

Namba mbili bendi ya Wenge Musica, albamu Pleins Feux ya 1996, mwaka mmoja mbele ya kugawanyika. Kisha kila mtu na upande wake, JB Mpiana na Titanic 1998, Werrason na Solola Bien 1999, mi niko kwa Werrason na sitaki mjadala. Tatu Koffi Olomide, Loi ya 1997, ukivumilia majina ya matajiri yanayoitwa ndani ya nyimbo zake utacheza mpaka viatu vitoke. Fally Ipupa? Droit Chemin ya 2006 chukua macho yamefungwa. Tokooos ya 2017 nyimbo fupi za kupendeza Ulaya, sebene utaitafuta mpaka asubuhi.

Na msiniandikie eti nimesahau wa kwetu. Jean-Bosco Mwenda na wimbo wake Masanga, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Gitare moja, dakika kama tatu juu disiki za 78 hazikubeba zaidi. Ile hata mwizi hana pa kuikata.

Flashi ya soko nunua kama ni ya kusikiliza ndani ya taksi. Basi.

Sasa wauzaji. Soko la Kenya (komine yetu, watu wa Nairobi tulieni), unampa kijana dola, anaigeuza juani, anaona kapembe kamechanika kadogo kabisa, anakurudishia: mama, hii haipite. Sawa. Unamwonyesha wimbo wake umechanika nusu nzima, anakuambia ni ule ule tu! Halafu bei anapandisha eti juu dola imepanda, flashi ile ile, nyimbo zile zile za mwaka jana. Siku dola inashuka, hawasikiagi.