Kikaangio cha Chuma Kizito, Nyama ya Nguruwe na Mchuzi wa Nanasi: Maoni Baada ya Miezi Minane

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikipika nyama ya nguruwe kwa mchuzi wa nanasi katika kikaangio kimoja cha chuma, karibu kila wiki, na nadhani muda huo unatosha kukisemea bila kukipendelea wala kukionea. Ni kikaangio cha chuma cha kusubu, kile cheusi kizito ambacho mkono wake ni wa chuma hichohicho, chenye kipenyo cha sentimita 26 na uzito unaozidi kilo mbili. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 75,000, baada ya muuzaji kukigonga kwa kifundo cha kidole ili nisikie kinavyolia, kisha akaniambia, "Dada, hiki hata mjukuu wako atakirithi." Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyalalamikia ni tabia ya chuma chenyewe na wala si ya kiwanda, na yaliyobaki ni makosa yangu mwenyewe.

Nilikitafuta kwa sababu moja tu. Nikifika nyumbani saa moja jioni sina hamu ya kuchafua sufuria tatu, nami nilitaka chombo ambacho nyama itakaangwa humo, mchuzi utapikwa humo, na ikibidi kitawekwa mezani hivyohivyo kilivyo. Frampeni yangu ya zamani, ile ya alumini nyepesi yenye utando usioshika, ilikuwa haiwezi kazi hiyo. Nikiweka vipande vitatu vya nyama kwa pamoja, joto lake lilikuwa linashuka papo hapo, nyama inatoa maji, na badala ya kukaangika inajichemkia humo hadi inageuka kijivu. Waliozoea kitimoto cha baa watasema hakuna ubaya, kwa maana nyama ile huchemshwa kwanza kwa chumvi na ndimu mpaka maji yakauke, halafu ndipo ikaangwe kwa mafuta yake yenyewe. Hilo ni kweli, na kwa vipande vidogo njia hiyo haina mpinzani. Lakini kipande kinene cha mgongo chenye mfupa, ukikichemsha, unakiua. Nyama ya sehemu ile haina mafuta ya kutosha ndani yake ya kuilinda, na ikishakauka hakuna mchuzi utakaoirudishia utamu.

Kazi ya kukaanga ndipo kikaangio hiki kinapostahili kila shilingi. Chuma hakipitishi joto haraka kama alumini, bali hulimeza polepole na kulishikilia kwa sababu ya uzito wake, kwa hiyo hukiwasha moto wa wastani dakika sita au saba kabla ya kuweka chochote. Ukikosa subira hapa, katikati patakuwa pa moto na pembeni patakuwa baridi, hasa kwenye jiko la gesi lenye kichomeo kidogo. Kwenye jiko la mkaa nimeona joto linaenea vizuri zaidi. Nyama yenyewe huwa nimeipaka chumvi tangu asubuhi na kuiacha kwenye friji bila kuifunika, na kabla ya kuipika huifuta kwa kitambaa safi mpaka iwe kavu kabisa, kwa kuwa nyama yenye unyevunyevu haibadiliki rangi mpaka maji yaishe. Naweka kijiko kimoja cha mafuta, kisha vipande vyangu, na hapo husikia mlio mmoja mkali usiopungua. Huo ndio mlio niliokuwa naukosa kwenye alumini. Siigusi nyama kwa dakika nne. Nikiigeuza, upande wa chini huwa umepata rangi ya kahawia iliyokolea, rangi ya karanga zilizokaangwa, na inajibandua yenyewe. Upande wa pili nao naupa dakika nne, kisha kwa koleo nasimamisha vipande vyote juu ya ukingo wa mafuta kwa dakika mbili, ili ule ukanda mweupe uyeyuke na kuanza kuwa mkavu wa kutafunika.

Chini ya kikaangio hubaki ukoko. Sisi tuliolelewa kugombania ukoko wa wali hatuhitaji kuelezwa thamani yake, na ukoko wa nyama una thamani zaidi kwa sababu ndio utakaokuwa roho ya mchuzi. Naitoa nyama, namimina mafuta yaliyozidi, na katika kijiko kimoja kilichobaki nakaanga kitunguu kimoja, tangawizi yenye ukubwa wa dole gumba na vitunguu saumu viwili au vitatu, pamoja na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Kisha naingiza vipande vya nanasi, kiasi cha kikombe kimoja na nusu, na maji nusu glasi. Maji yakigusa chuma, ukoko unaachia, na mwiko wa mti unaukwangua wote ukaingia kwenye mchuzi.

Mpaka hapa sina lawama. Lawama inaanzia kwenye matunda.

Wiki ya kwanza nilipika kama nilivyozoea kupika mchuzi wowote. Nilitia nanasi na juisi nzito ya ukwaju pamoja, nikapunguza moto, nikafunika na kuacha vichemke taratibu kwa karibu dakika thelathini huku nikiogesha watoto. Niliporudi, mchuzi uliokuwa wa rangi ya dhahabu ulikuwa umekuwa kijivu chenye weusi, kama chai iliyolala kwenye birika bovu. Nilionja, nikapata ladha ile ya mtu aliyelamba msumari. Tulikula kwa adabu, mume wangu akisema "si mbaya" kwa sauti ya mtu anayetafuta maji. Baya zaidi, nilikiacha kikaangio na mabaki ya mchuzi usiku kucha, na asubuhi nikakuta katikati pametokea kipara cha rangi ya fedha, ambacho kufikia mchana kilikuwa kimeanza kutu.

Kilichotokea kinaeleweka, na ningekijua mapema kama ningefikiri kidogo. Weusi wa kikaangio cha chuma si rangi ya kiwandani. Ni matabaka ya mafuta yaliyochomwa mpaka yakagandamana na kuwa kama ngozi ngumu, ndiyo maana chuma cha kukaangia chapati kinazidi kuwa laini kadiri kinavyozeeka. Adui mkubwa wa ngozi hiyo ni uchachu unaokaa juu yake muda mrefu katika moto. Nanasi ni chachu, pasheni ni chachu zaidi, na ukwaju ndio huohuo ambao bibi zetu walisugulia vyombo vya shaba mpaka vikang'aa. Nilikuwa, kwa maneno mengine, nakisugua kikaangio changu kwa nusu saa huku nikiita hilo mapishi. Muuzaji aliyeniahidi kwamba "unapikia kitu chochote" hakunidanganya sana, ila angeongeza neno moja kuhusu muda.

Kukirudisha katika hali yake hakukuwa na gharama, ila kulichukua Jumamosi nzima. Nilisugua kutu kwa chumvi ya mawe, nikakausha juu ya moto, nikapaka mafuta ya alizeti kwa kitambaa na kuyafuta kana kwamba sikutaka yabaki hata kidogo, kisha nikakiacha juu ya jiko mpaka kikatoa moshi; nikarudia mara nne. Mafuta yakiwa mengi hugeuka gundi, na hilo nililijua katika raundi ya kwanza.

Tangu hapo nimebadilisha utaratibu. Nanasi linakaa motoni dakika sita, na likizidi sana nane, moto ukiwa mkali, jambo ambalo lina faida nyingine kwa sababu sukari yake inaanza kuungua kidogo pembezoni. Nairudisha nyama pamoja na maji yaliyochuruzika kwenye sahani, namalizia kuivisha, kisha nazima jiko. Ukwaju, vijiko viwili vilivyochujwa, unaingia baada ya moto kuzimwa, pamoja na kijiko cha asali kama nanasi si tamu la kutosha. Mchuzi ukishachanganyika, chakula chote kinahamia kwenye bakuli la udongo. Kwa maana hiyo ile ndoto ya kukiweka kikaangio mezani nimeiacha, nami naihesabu kuwa kasoro ya kweli, kwa sababu sasa kuna bakuli la ziada la kuosha.

Kuhusu nanasi lenyewe, ninayoyapata sokoni mara nyingi yanatoka Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, na likiwa limeiva barabara halihitaji asali. Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi: nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunjavunja nyama, kwa hiyo ukilowanisha nyama ndani ya juisi yake tangu asubuhi, jioni utakuta uso wake umekuwa kama uji. Likishapikwa nguvu hiyo inakufa. Ndiyo sababu mimi sipaki nyama kitu kingine zaidi ya chumvi. Embe dodo nalo nimelijaribu katika msimu wake. Ladha yake ni nzuri mno, lakini linayeyuka haraka na sukari yake inashika chini kabla hujageuka kuchukua chumvi. Pasheni hutoa mchuzi mkali unaoendana vizuri sana na mafuta ya nguruwe, mradi naye aingie mwishoni kama ukwaju. Papai sitalirudia, halina uchachu wa kupambana na mafuta, na mchuzi wake unafanana na chakula cha mtoto. Nyama hii inataka tunda linaloikatia mafuta, na nadhani Waingereza wanaoila na matofaa na Wamexico wanaoipamba kwa nanasi walifika huko bila kuulizana.

Swali la kuiva ni la lazima kwa nyama hii. Wizara ya Kilimo ya Marekani tangu mwaka 2011 inakubali nyuzi 63 za Selsiasi kwa kipande kizima, kikishapumzika dakika tatu. Huku kwetu, ambako wapo nguruwe wanaofugwa kwa kuachiwa huru na minyoo ya tegu haijatokomezwa, mimi hufikisha nyuzi 71, nikichoma kipimajoto karibu na mfupa ambako joto huchelewa. Kabla ya hapo hununua kwenye bucha ambayo naona mhuri wa mkaguzi kwenye ngozi. Kijana wa buchani alinizoea kiasi kwamba siku hizi haulizi zaidi ya, "Shikamoo dada, na mfupa kama kawaida?" Unene wa sentimita mbili na nusu ndio unaokifaa kikaangio hiki, chini ya hapo nyama inaiva kupita kiasi kabla haijapata rangi. Cha kushukuru ni kwamba joto lililobaki kwenye chuma huendelea kuivisha hata moto ukizimwa, na cha kutahadhari ni hilohilo, kwa hiyo naitoa ikiwa na nyuzi moja au mbili pungufu na kuipima tena mara ya mwisho kwenye bakuli kabla ya kupakua.

Kuosha ni rahisi kuliko watu wanavyotishana. Kikiwa bado na vuguvugu nakipitisha maji ya moto na brashi, tone la sabuni ya kuoshea vyombo halidhuru, kisha nakirudisha jikoni kikauke kabisa na kukipaka mafuta kidogo. Kazi yote ni dakika tano. Dada wa kazi alikipinga mwanzoni, akakisugua kwa steelwire siku mbili mfululizo mpaka nilipomwomba asikiguse, na sasa yeye ndiye anayewakemea wageni wanaotaka kukilowanisha kwenye karai.

Mkono wake ni mfupi na unaungua vilevile kama sehemu nyingine. Nina alama kwenye kiganja ya kuthibitisha. Kukiinua kikiwa na mchuzi kunahitaji mikono miwili na kitambaa kikavu, maana kitambaa chenye maji hupitisha joto mara moja, na mtu mwenye maumivu ya kifundo cha mkono ningemshauri atafute cha chuma cha pua chenye tako nene, ambacho hakiogopi ukwaju hata kidogo ingawa nyama hushika kidogo zaidi. Kwa anayependa mchuzi uchemke taratibu kwa saa nzima, ushauri wangu ni huohuo. Kwa anayetaka nyama yenye rangi na mchuzi wa dakika nane, akaula na wali mweupe au mhogo wa kuchemsha (ugali na mchuzi mtamu mimi sijawahi kuvipatanisha), sijaona chombo cha bei hii kinachokipita.

Kero yangu kubwa zaidi, hata hivyo, ni ukubwa. Sentimita 26 zinabeba vipande vitatu vya nyama vikiwa na nafasi ya kupumua, nasi tuko wanne. Nikibana cha nne, maji yanatoka na tunarudi kwenye nyama ya kijivu. Kwa hiyo cha nne nakikaanga kwanza peke yake, nakiweka kwenye sahani juu ya kabati, na kila wiki kuna mtoto mmoja anayekifikia kabla ya mchuzi.