Miaka miwili ya onazi ya saikolojia nikiwa Kimara: uzoefu wangu

Tangu nipate cheti changu cha onazi, yaani honours, mwaka wa masomo unaofuata shahada ya kwanza, waliosoma saikolojia shahada ya kwanza wananiuliza swali lilelile: ukimaliza onazi unakuwa mwanasaikolojia? Huwi. Mimi sikuambiwa hivyo. Nililipa ada ya kwanza nikiamini kwamba baada ya hapo nitapanga chumba Sinza, niweke viti viwili na kuanza kupokea watu. Hata ningejua ukweli ningejiandikisha tu, ila ningejiandaa tofauti, na ndiyo maana naandika.

Nilisoma kwa masafa katika chuo kikuu kimoja cha Afrika Kusini, 2022 na 2023, nikiwa nakaa Kimara na kufanya kazi ya rasilimali watu kwenye kampuni ya usafirishaji Kurasini. Asiye na ajira anaweza kumaliza kwa mwaka mmoja. Mimi niligawa masomo kwa miaka miwili na sijuti.

Nianze na jina, maana limenisumbua kuliko mtihani wowote. Hapa kwetu ukisema onazi, mtu anaelewa ufaulu: daraja la kwanza, la pili la juu, la pili la chini. Afrika Kusini shahada ya kwanza ya namna hii ni miaka mitatu, na onazi ni shahada nyingine kamili inayofuata, krediti 120, ambazo angalau 30 ni za utafiti wako mwenyewe. Australia nao wana mwaka wa nne wa namna hiyo. Ukijaribu kuitafsiri, unaharibu zaidi, kwa sababu shahada ya heshima tunaijua ni ile wanayovishwa viongozi kwa utumishi wao. Na cheti chenyewe kinaanza na neno lilelile la shahada ya kwanza. Nilipokipeleka kazini, mkuu wangu wa idara alikisoma mara mbili akaniuliza kwa upole, "Dada, lakini digrii ya kwanza si unayo tayari?" Ilinibidi nikae nimweleze. Kwa hiyo usikubali kubaki na cheti peke yake. Omba chuo barua inayosema shahada hii iko ngazi gani, inafuata nini, na inatangulia nini. Utaihitaji TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu Tanzania, unapoomba cheti cha nje kitambuliwe, na utaihitaji kwa kila mwajiri.

Masomo yenyewe sasa. Kulikuwa na mbinu za utafiti, saikolojia ya magonjwa ya akili, nadharia za tiba, saikolojia ya jamii na vipimo vya kisaikolojia. Nadharia za tiba zilikuwa za kusoma tu. Hakuna mtu utakayemketisha mbele yako. Takwimu ziliniogopesha mwanzoni, nikazizoea. Ushauri mmoja tu: usihangaike na programu za kulipia, jamovi ni ya bure na inafanya kazi zote za ngazi hii.

Somo la vipimo ndilo lililobadilisha kazi yangu. Pale ofisini tulikuwa na mtihani wa tabia tuliokuwa tukiwapa madereva wanaoomba kazi. Nilipoajiriwa niliukuta, ukiwa umechapwa, maswali ya ndiyo na hapana, na alama ikifika kiwango fulani mtu anaitwa mtulivu, isipofika anaachwa. Sikuwahi kujiuliza nani aliutunga, uliwahi kujaribiwa kwa akina nani, wala kama mtu akirudia baada ya wiki mbili atapata alama ileile. Darasani tukasoma sheria ya Afrika Kusini ya usawa kazini ya 1998. Kifungu chake cha nane kinakataza kumpima mfanyakazi kisaikolojia, isipokuwa kipimo kimethibitishwa kisayansi kwamba ni halali na cha kutegemewa, kinaweza kutumika kwa haki kwa wafanyakazi wote, na hakibagui mtu wala kundi. Nilisoma kifungu kile usiku nikawakumbuka wanaume niliowarudisha nyumbani kwa karatasi ile. Baadhi yao walikuwa wamesafiri kutoka Morogoro. Wiki iliyofuata nilimwandikia bosi wangu kurasa mbili nikimwomba tuuache, akakubali. Siku hizi dereva tunampima barabarani, na anahojiwa na watu watatu wenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji. Kwangu mimi, ada nzima ililipwa siku ile.

Halafu kuna utafiti. Hapa nitakaa kidogo.

Nilitaka kujua mama lishe wa Feri, pale soko la samaki, wanaelewaje maswali ya dodoso la sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, liitwalo PHQ-9. Ni dodoso fupi, maswali tisa, linauliza wiki mbili zilizopita umesumbuliwa na nini na mara ngapi, jumla inakwenda kutoka 0 hadi 27. Linatumika dunia nzima. Waliolitunga walichapisha matokeo yao 2001, na kwa kiwango cha 10 na kuendelea, lilitambua asilimia 88 ya waliokuwa na sonona kali. Lakini namba hizo zilipatikana Marekani, kwa wagonjwa wa kliniki za huko. Mimi nilikuwa na swali dogo tu: mwanamke anayeamka saa tisa usiku kununua samaki akiulizwa maswali haya kwa Kiswahili, anasikia nini?

Mwanafunzi wa onazi haruhusiwi kwenda popote na kuuliza chochote. Kamati ya maadili ilinirudishia andiko mara mbili. Waliuliza: mama mmoja akikwambia anataka kufa, utafanya nini saa ileile? Sikuwa na jibu. Ilibidi niliondoe swali la tisa, linalohusu mawazo ya kujidhuru, nibaki na manane, ambayo kwa kweli nayo ni dodoso linalojulikana, PHQ-8. Vilevile sikuwaomba wajibu kuhusu maisha yao. Niliwaomba wanieleze swali linauliza nini, kwa maneno yao. Na kabla ya yote nilikubaliana na muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya serikali kwamba nikimwona mtu ana hali mbaya, ninampeleka kwake. Wakati ule niliona wananichelewesha. Leo nawashukuru, maana mama mmoja kati ya wanane niliozungumza nao alilia katikati ya mazungumzo, na nilijua la kufanya. Usisahau pia vibali vya huku nyumbani: utafiti unaogusa afya unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na serikali ya mtaa nao wanataka barua. Anza mapema kuliko unavyodhani, mimi vibali vilikula miezi minne.

Swali la kwanza la dodoso linauliza kama umekosa hamu au raha ya kufanya mambo. Mama wa kwanza alinitazama akasema, "Raha ya nini mwanangu? Mimi natafuta hela ya ada." Nikadhani ni yeye tu. Wa tatu akasema karibu vilevile, na wa sita. Kwao swali lile lilikuwa linauliza kama wana muda wa starehe, na jibu la kweli ni kwamba hawana, wala hawajawahi kuwa nao. Kwa hiyo mtu mzima wa akili, mwenye nguvu, anayecheka na wateja, angepata alama za juu kwenye swali hilo, kama mgonjwa, kwa sababu ya neno raha. Neno sonona hakuna hata mmoja aliyelitumia. Walisema mawazo. "Ana mawazo", "mawazo yamemzidi", "anawaza sana mpaka anakonda". Neno hilo lilinipeleka kusoma tena kazi ya Zimbabwe, Benchi la Urafiki, lililoanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mwaka 2006. Kule mabibi wa mtaani wamefundishwa kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati, na Kishona wana neno lao, kufungisisa, maana yake ni hiyohiyo, kuwaza kupita kiasi. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa 2016, na waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wameanza na neno la watu wenyewe. Sisi neno tunalo, tena linasemwa kila siku sokoni.

Kuchambua mahojiano nilifuata hatua sita za watafiti wa saikolojia Braun na Clarke za 2006, ambazo karibu kila mwanafunzi wa saikolojia anazipitia. Kazi yangu haikuthibitisha kitu kikubwa. Watu wanane ni wachache na nilisema hivyo kwenye ripoti. Lakini nilirudi Feri na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, nikawasomea wakati wa mchana wateja wakiwa wamepungua. Waliusahihisha sehemu mbili.

Kuhusu huduma ya chuo nitasema ukweli. Mfumo wa mtandaoni ulikuwa mzuri, vitabu na majarida unayapata ukiwa kitandani. Msimamizi wangu alikuwa mjuzi sana, ila alikaa na sura yangu ya pili wiki saba bila neno, na barua pepe tatu hazikujibiwa. Nilipoandikia idara, nilijibiwa siku ya pili. Usione aibu kuandika juu mapema. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo kazi inayotakiwa kabla ya saa sita usiku kwao, kwako ni saa saba. Mwaka 2023 walikuwa na mgao mkali wa umeme, mikutano ikawa inaahirishwa, na mwaka ulipoelekea mwisho mgao ukawa wetu. Nilinunua betri ya kuwashia modemu. Mtihani unaosimamiwa kwa kamera ya simu haukusubiri TANESCO.

Ada nililipa kwa mshahara na mchezo tunaocheza wanawake kumi wa ofisini. Niliomba zamu ya Januari, wakanipa miaka yote miwili. Jiandae kwa randi kupanda na kushuka, na kwa gharama ya kutathminiwa vyeti vyako na SAQA, mamlaka ya vyeti ya Afrika Kusini, kabla ya kupokelewa. Kusoma nilisoma Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed, Jumamosi. Kwenye mwendokasi wa asubuhi huwezi hata kufungua simu, ila mihadhara iliyorekodiwa unaweza kuisikiliza ukiwa umesimama.

Njia zinazofunguka ndizo zinazoulizwa zaidi. Kule Afrika Kusini, kuwa mwanasaikolojia wa tiba kunahitaji uzamili, mwaka mzima wa mafunzo kazini, mwaka wa kutumikia jamii, na mtihani wa baraza la wataalamu wa afya. Nafasi za uzamili ni chache sana na waombaji wengi mno. Watu wenye alama nzuri wanakataliwa miaka miwili mitatu mfululizo. Njia ya katikati ni mnasihi aliyesajiliwa, lakini hiyo inataka saa 720 za mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi, na onazi kama yangu haina hata saa moja. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza swali hili kwa maandishi: programu yenu ina mafunzo kwa vitendo au haina? Ukitaka kusajiliwa na yao haina, tafuta nyingine. Australia baada ya mwaka wa nne bado kuna uzamili, au mwaka wa tano wa masomo ukifuatiwa na mmoja wa kazi chini ya msimamizi. Ile njia ya zamani ya miaka minne ya chuo na miwili ya kazi ilifungwa 2022, na bado naona watu wanaelekezana kuifuata.

Hapa nyumbani, Muhimbili wana uzamili wa saikolojia ya tiba, na kwa anayetaka kuhudumia Watanzania ndiyo njia ninayoiamini, kwa sababu utajifunza kwa wagonjwa wetu, kwa lugha yetu. Ambaye hataki tiba ana mahali pengi: taasisi za utafiti wa afya, ufuatiliaji na tathmini kwenye mashirika, ajira na mafunzo kazini. Mwenzangu mmoja wa kikundi cha kusomea aliajiriwa kukusanya na kuchambua data kabla hata hajamaliza, kwa sababu ya takwimu tu.

Anayetaka kukaa na watu na kuwasikiliza mwaka huuhuu, onazi ya masafa haimfai, ataumia. Anayefanya kazi na watu na anataka kujua kama anayoyasema kuhusu wao ni kweli, aichukue. Mimi nimeshapeleka maombi yangu Muhimbili, na kwenye barua ya kuomba nimewataja mama lishe wa Feri katika aya ya kwanza.