Breki na ekzosi za Hilux: gereji moja ya Tabata, kazi mbili zisizolingana

Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 2008 yenye injini ya dizeli ya lita 2.5 na tabo, na kazi yake kubwa ni kuleta mananasi kutoka Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, hadi sokoni Buguruni. Njia hiyo haina milima ya kutisha, ila ina vijiji, na kila kijiji kina kibao cha 50 na matuta yake, kwa hiyo dereva hukanyaga breki, huachia, hushika mwendo, kisha hukanyaga tena. Nikiwa na mzigo, ifikapo mara ya nne au ya tano pedali ilikuwa ikishuka chini kuliko kawaida na harufu ya kuungua ikiingia ndani. Ndiyo sababu iliyonipeleka kwenye gereji hiyo ya Tabata, ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa nina sifa za kuipa na nina lawama pia.

Msimamizi wa gereji alinisikiliza, kisha akaanza na jambo ambalo sikulifuata: aliwasha gari la mteja mwingine ili niusikie muungurumo wa ekzosi mpya. Nakiri kwamba ulinivutia, nikaagiza kazi zote mbili.

Breki zilishikwa na fundi mtu mzima ambaye wenzake humwita Mjomba. Nilikuwa nimekwenda na wazo la kuweka diski kubwa zaidi, akanionyesha kwamba rimu zangu za inchi 15 hazingeacha nafasi ya kutosha kwa kalipa kubwa, yaani kibanio kinachobana pedi kwenye diski, na kwamba ningelazimika kununua rimu na matairi mapya. Badala yake alipendekeza diski za kipimo kilekile zenye mifereji, inayosaidia kutoa vumbi na gesi zinazojikusanya pedi ikipata moto, pamoja na pedi zinazostahimili joto kuliko zile za bei rahisi nilizokuwa nazo. Alieleza sababu kwa lugha nyepesi: gari likienda kilomita 100 kwa saa lina nishati mara nne ya lile linalokwenda 50, na nishati yote hiyo breki huigeuza kuwa joto. Nyuma aliacha dramu zilezile, akabadilisha breki shuu tu. Mipira ya breki, iliyokuwa na nyufa, aliitoa yote bila kuniuliza mara mbili.

Mafuta ya breki yaliyotoka yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi. Kadiri maji yanavyoongezeka ndani yake ndivyo mafuta yanavyochemka mapema, na mvuke ukishaingia kwenye mabomba, pedali huzama. Alijaza mafuta ya daraja la DOT 4, ambayo yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230, wakati daraja la DOT 3 kiwango chake ni 205.

Lililonifanya nimheshimu ni lile alilolifanya mwisho. Hilux yangu ina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu na kuiongeza likibeba mzigo. Mjomba alikataa kuirekebisha mpaka tupakie mifuko 10 ya saruji, yaani kilo 500, kutoka duka la jirani. “Mzee, gari tupu linadanganya,” aliniambia, akaingia uvunguni na geji zake za presha. Kazi ile ilikula asubuhi nzima.

Ekzosi ilifanywa alasiri na fundi mwingine, gari likiwa limeinuliwa na saruji imekwisha kurudishwa dukani. Bomba ni pana kuliko la awali, la chuma kisichoshika kutu, jambo lenye maana kwetu tunaoishi na hewa ya chumvi. Nilijaribu kulinasa kwa sumaku na halikunasa, dalili nzuri ingawa si ushahidi kamili. Uchomeleaji ni safi. Tatizo ni kwamba bomba lilipimwa gari likiwa tupu. Safari ya kwanza na mzigo, springi zikabonyea, ekseli ikapanda, na kila tuta likawa linaligongesha bomba kwenye ekseli, kishindo cha kumwamsha aliyelala kiti cha nyuma. Waliokuwa wamesimama umbali wa hatua chache kutoka kwa Mjomba asubuhi ile hawakujifunza lolote kwake.

Nilirudi, wakalikunja upya bila malipo na bila ubishi, nalo haligongi tena. Kuhusu nguvu, injini inavuta kwa wepesi kidogo, lakini bila kubadilisha mpangilio wa mafuta kwenye kompyuta ya gari sikutarajia miujiza, na haikutokea. Kilichobaki ni mvumo mzito unaojaa ndani ya kabati injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 hivi, yaani mwendo uleule ninaoutumia karibu safari nzima. Sauti iliyonifurahisha kwa dakika mbili pale gerejini hunichosha kwa saa mbili barabarani.

Breki na ufundi wake zilinigharimu chini kidogo ya ekzosi, na wiki iliyopita, nikiwa na mzigo kamili, bodaboda alinikatia ghafla pale Tegeta na gari lilisimama limenyooka, pedali ikiwa juu. Kwa kazi hiyo ningemrudia Mjomba hata kesho. Sailensa ya zamani niliihifadhi stoo. Nimekwisha kupanga naye airudishe Jumamosi, na nimemwambia tuanze kwa kupakia saruji.