Huduma ya kupitisha muziki wa Misa, ofisi moja ya liturujia hapa Nairobi: nyota 2 kati ya 5

Hapa ndipo watunzi wa kwaya za Katoliki tunapeleka nyimbo zetu zipimwe kabla ya kuimbwa kwa Misa. Nianze na haki yao. Mapokezi wako sawa. Yule mama wa kaunta anaangalia kama umeweka nota na solfa (zile do, re, mi), anagonga muhuri wa kupokea kwa nakala yako, ada unalipa na M-Pesa na risiti unapata hapo hapo. Upande wa maneno pia siwalaumu. Mwenzangu wa kwaya alipeleka wimbo wa Utukufu, akawa ameruka ule mstari wa kuketi kuume kwa Baba ati ndio melodi ikae vizuri, wakamrudishia na wino mwekundu na walikuwa sawa kabisa, maneno ni ya Misale (kitabu cha sala za Misa), we unatunga sauti tu. Hata ile hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya 1963, kifungu cha 121, inasema maneno ya kuimbwa lazima yapatane na mafundisho ya Kanisa.

Sasa ngoja ifike melodi. Hapo hakuna vigezo vimeandikwa popote, unakaa miezi na miezi bila hata meseji, siku ukiitwa unapewa karatasi imeandikwa "haifai kwa ibada" basi. Haifai aje? Ni sauti ya tenor imepanda juu sana, ni mdundo, ama ni kayamba? Hati hiyo hiyo kifungu cha 119 inataka muziki wa watu wa nchi za misheni upewe heshima na nafasi yake kwa ibada, kwa hivyo kama ni ngoma ndio imewasumbua semeni ni ngoma, tujue tunabishania nini. Kwa Tamasha la Muziki la Kenya hata mtoto wa praimari akiimba anapewa alama na maoni ya jaji, na mwalimu wake anajua arekebishe wapi!

Lakini kilichoniudhi zaidi ni hiki. Wanaokaa kwa kamati ya kupima hizi nyimbo wengi ni watunzi wenyewe, na jina lako liko juu ya karatasi kubwa kabisa. Fungua kijitabu cha nyimbo walichotoa mwisho uone majina. Sisemi wanafanya makusudi, wengine wao wamenifundisha na ni watunzi wazuri sana, lakini mtu akipima kazi yake na ya jirani kwa mzani mmoja si lazima awe mwizi ndio mzani uiname. Dawa yake hata si pesa: funikeni majina, mpe kila kazi namba, na mwanakamati akileta yake atoke nje siku hiyo. Mbona ngumu?

Halafu kuna fomu ya uchapishaji. Ukipita unasaini kwamba "unakabidhi" kazi kwa ofisi, haisemi ni kwa muda gani wala kama utapata chochote kijitabu kikiuzwa. Watu wa kwaya tunasaini tu juu ya furaha. Jamani, kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya muziki inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na kuihamisha ni kwa maandishi yenye saini yako, kwa hivyo hiyo karatasi si mchezo. Mimi niliomba waongeze "kwa kuchapisha kijitabu hiki pekee" na kusema ukweli walikubali bila kelele, nyota moja nzima nimewapa hapo.

Na mkichelewesha majibu mjue kazi inaweza kuzeeka. Wanaotunga Misa za Kiingereza wanakumbuka 2011 tafsiri ya Misale ilivyobadilika, Utukufu na Mtakatifu za zamani zikabidi zirekebishwe ama zitungwe upya.

Nitarudi? Itabidi, paroko wetu haruhusu wimbo bila muhuri wa kupitishwa. Ukienda beba nakala mbili, na usiache ile ya pili bila tarehe ya kupokelewa.